Waya Wangu na Nyumba Kumi na Moja za Kisugu

Sajini Mstaafu Opoka Celestino,
Nyumba ya kwanza ukiingia getini,
Kisugu, Makindye,
Kampala.

Jumanne, 14 Oktoba 2014

Kwa Bwana Meneja Mkuu,
Upeo Televisheni,
Nakawa.

Nakala: Mwenye setilaiti, popote alipo huko juu.

Bwana Meneja uliye Nakawa, mimi niliye Kisugu nakusalimu.

YAH: KUKATWA KWA WAYA WANGU, NA OMBI LA KUURUDISHA KABLA YA JUMAMOSI SAA KUMI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye akili zako zote, kwa sababu bila akili hutaielewa. Mimi mwenyewe ni mzima. Kiuno tu kinanisumbua, nacho hakihusiani na kampuni yako.

Kabla ya malalamiko lazima ujue unaandikiwa na nani, usije ukafungia karanga barua ya mtu mkubwa. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini nimewafundisha kazi watu wenye digrii mpaka wakalia. Miaka thelathini na moja nilikuwa polisi, upande wa redio, hapo Nsambya. Vita vilipoisha mwaka 1986, wakubwa wapya waliwapeleka askari wengi nyumbani. Mimi waliniacha. Waliniacha kwa sababu ile redio ilikuwa na swichi iliyovunjika, na hakuna mtu mwingine aliyejua kuiwasha kwa kijiko. Serikali ilikuja na bunduki zake na magari yake, ikakuta mawasiliano ya nusu ya Kampala yamo katika kijiko cha Opoka. Nilistaafu mwaka 2008, nikaondoka na kijiko changu. Kwa hiyo kuniambia mimi habari za signali ni kama kumfundisha fundi viatu harufu ya ngozi.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa miaka mitatu nimekuwa na dikoda yako ya HD. Kutoka nyumbani kwangu nilivuta waya nikaupeleka nyumba nyingine kumi na moja za ua wetu, nazo zikawa zinatazama televisheni kama watu. Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, fundi wako Barnabé alikuja na ngazi akaukata waya ule mahali kumi na moja. Halafu nyinyi huko Nakawa mkaifunga kadi yangu ya dikoda pia. Sasa hata mimi mwenyewe natazama kioo cheusi. Ndani yake namwona mzee amekaa kwenye kiti. Sura yake siipendi.

Na Jumamosi hii, saa kumi alasiri, binti yangu Alum anacheza netiboli kwa jezi ya Uganda, katika chaneli yako ya michezo ya HD. Chaneli nyingine haionyeshi. Nimeuliza.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba, kama tulivyofundishwa kazini, ili usipotee njiani.

1. Karatasi aliyoniachia Barnabé inasema nina kosa la "kupokea na kusambaza signali bila idhini". Niliisoma mara tatu. Ijumaa nikavaa koti nikaja Nakawa mwenyewe kuona watu wanaopokea na kusambaza kwa idhini wanafananaje. Msichana wa mapokezi alinikalisha kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa tatu mpaka saa sita, na kila nikisimama ananiambia, "Mzee, kaa tu, wanakuja." Hawakuja. Ni Barnabé aliyepita akaniona, akanihurumia, akanipeleka uani nyuma ya ofisi yenu.

Bwana Meneja, nimeona madishi yako. Yako saba, na lile kubwa unaweza kumwoshea ng'ombe ndani yake. Barnabé ni Mkongo na Wakongo wanajua kueleza. Alinieleza kwamba signali inateremka kutoka kwenye setilaiti ikiwa imefungwa, kwamba nyinyi mna kadi mliyopewa na wenye chaneli, ndiyo inayoifungua. Kisha mashine inaikamua ile picha ya HD mpaka inakuwa nyembamba, ili chaneli nyingi zipite katika njia moja. Halafu zinafungwa pamoja kama kuni, zinapelekwa kwenye mlingoti, na mlingoti unazirusha majumbani, ambako dikoda inafungua tena ule mzigo. Nilisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo mke wangu Alal haamini mpaka leo.

Alipomaliza nikamuuliza maswali yangu. Setilaiti ni ya kwenu? Akasema, hapana, Papa. Chaneli ni za kwenu? Hapana, Papa. Na mpira unaochezwa ndani ya chaneli, ni wa kwenu? Akacheka, akasema, Papa, wewe una maneno.

Basi tumesikia. Mmesimamisha dishi, mmepokea kitu cha watu, mmevuta njia, mmekigawa. Na mimi nimesimamisha dikoda, nimepokea kitu cha watu, nimevuta waya, nimekigawa. Tofauti yetu ni ukubwa wa sahani. Barnabé akasema tofauti ni karatasi, kwamba nyinyi mmeandikiana na wenye chaneli. Karatasi? Mimi ninayo ya mwaka 1978, yenye muhuri, inayosema Konstebo Opoka amefuzu kupokea na kusambaza ujumbe. Soma mwenyewe, nimekuambatishia kopi. Imesema kupokea na kusambaza. Haikusema ujumbe wa nani.

2. Mmeniadhibu kwa uaminifu wangu. Jambo hili ndilo linaloniuma, na wewe ungekuwa na haya lingekuuma.

Katika kazi yetu ujumbe ukifika, aliyepokea lazima amjibu aliyetuma. Usipojibu, ujumbe haujafika, na mtu anaweza kufa barabarani Kitgum huku wewe unakunywa chai. Nilipofunga dikoda yenu nilishangaa kuona mnatuma masaa ishirini na nne bila kuuliza kama kuna aliyepata. Nikasema hawa ni watoto, hawakulelewa, nitawasaidia. Kwa hiyo kila siku, habari za saa moja jioni zikiisha, nilipiga simu ofisini kwenu kuthibitisha. Kila siku, miaka mitatu. Hata siku tuliyomzika kaka yangu niliomba ruhusa nikasogea kando ya migomba nikapiga. Maneno yangu yalikuwa hayo kwa hayo: "Nakawa, Nakawa, hapa Kisugu. Imepokelewa. Nguvu tano juu ya tano. Imesambazwa nyumba kumi na moja. Mwisho."

Wasichana wenu wa simu mwanzoni walicheka. Baadaye wakazoea, wakawa wanajibu, "Sawa, afande." Mmoja wao alikuwa akiniambia, "Asante Kisugu, ulale salama." Nasikia ameolewa Jinja. Huyo ndiye alikuwa mfanyakazi wako pekee.

Sasa siku Barnabé alipokuwa juu ya ngazi anakata, mimi nilisimama chini nikamwambia anitajie jina la aliyenichongea. Nilimshuku Oyugi, yule Mkenya wa nyumba ya tano anayeuza vipuri vya pikipiki, kwa sababu tuna jambo letu. Barnabé akateremka ngazi mbili akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Akasema, "Papa, ni wewe. Kila siku unapiga simu, unasema nyumba kumi na moja. Wameandika zote."

Fikiri, Bwana Meneja, kama unayo nafasi. Ni mwizi gani anayempigia simu mwenye kuku kila jioni kumwambia idadi ya kuku? Zaidi ya mara elfu moja nimewaambia kwa jina langu na kwa sauti yangu, na zaidi ya mara elfu moja mmejibu sawa. Kwetu, makao makuu yakisema sawa, hiyo ni amri. Mimi sikuiba chochote. Mimi nilikuwa kazini.

3. Karatasi yenu inasema tena kwamba mimi "nashusha hadhi ya picha ya HD". Ni kweli kwamba kwangu picha ni HD, na ikipita kwenye kile kisanduku nilichokinunua soko la Owino ili kuipeleka kwa majirani, inafika kwao ikiwa picha ya kawaida, kwa sababu televisheni zao ni zile za mgongo mkubwa. Lakini nani aliyeanza kuikamua? Fundi wako ameshakiri. Nyinyi mnaikamua kwa mashine ya Ulaya mnaiita teknolojia, mimi naikamua kwa kisanduku cha Owino mnaiita uharibifu.

Tena HD si kitu cha kumpa kila mtu. Yule binti anayesoma habari jioni ana kipele chini ya sikio la kushoto. Nimekifuatilia tangu Agosti. Mara kinakua, mara kinapungua. Majirani zangu hawajui kitu, wanaona uso wa msichana tu. Kwa hiyo kuna heshima ya mtu ambayo mimi nimeilinda na nyinyi mmeiuza.

Na hiyo HD yenu inachelewa. Oyugi ana redio ndogo ya betri. Goli likiingia, yeye huko nyumba ya tano anapiga kelele, na mimi bado namwona mchezaji yuko katikati ya uwanja anafunga kamba za kiatu. Barnabé anasema ni safari ya kwenda setilaiti na kurudi, na ule muda wa kukamua na kukamuliwa. Mimi katika maisha yangu sijawahi kupeleka ujumbe ukafika baada ya uvumi.

4. Mnasema nimeleta vurugu katika biashara yenu. Nimeleta utaratibu, na ninyi hamjui kuutambua kwa sababu hamna.

Dikoda ni moja, na rimoti ni moja, nayo ilikuwa mfukoni mwangu. Kwa jinsi waya ulivyo, ninachotazama mimi ndicho kinachotazamwa na nyumba zote kumi na moja. Mimi nikibadilisha, wamebadilisha. Mimi nikizima, wamelala. Mheshimiwa gani katika nchi hii ana mamlaka ya namna hiyo, kuingia katika nyumba kumi na moja kwa wakati mmoja bila kubisha hodi? Nami sikuyatumia vibaya. Asubuhi tulitazama misa. Mchana tulipumzika. Jioni habari, halafu hali ya hewa, halafu wanyama wa porini, na Jumapili mpira mpaka pale nilipoona inatosha. Watoto wa ua wetu wanajua simba anazaa watoto wangapi. Waulize wa kwako.

Kulikuwa na maneno ya hapa na pale, siwezi kukuficha. Filda wa nyumba ya saba, mjane wa askari, anayeshona nguo, ni mwanamke mwenye mdomo. Alikuwa anataka tamthilia moja ya watu wa mbali, wanawake wanalia na nywele zimechanwa. Nilimruhusu nusu saa, kwa huruma. Ikifika saa mbili kamili nageuza kwenda hali ya hewa, na yeye anatoka nje na sindano mdomoni. "Opoka! Rudisha! Alikuwa anataka kusema baba wa mtoto ni nani!" Nilimjibu kwa dirisha kwamba baba wa mtoto hahusiani na mvua. Akasema mvua tutaiona ikinyesha, mwanamke mzima, kwa sauti ambayo hata Nsambya walisikia. Nikamwacha.

Na lile jambo letu na Oyugi ni kwa sababu ya penalti. Ilikuwa dakika za mwisho, mpira umewekwa pale kwenye nukta, na saa ikagonga muda wa habari. Habari ni habari. Nikageuza. Nikasikia miguu inakimbia uani, "Mzee! Mzee! Penalti, mzee! Kwa jina la Mungu!" Nikamwambia atulie, watatuambia matokeo katika habari za michezo mwishoni. Hawakutuambia. Wiki mbili hakunisalimu, anapita na pikipiki yake kama anapita mti. Lakini ukimuuliza leo, mwulize vizuri, atakwambia alijifunza uvumilivu.

5. Sasa sikiliza hali ilivyo tangu mlipokata waya, uone ulichokifanya.

Alhamisi ile jioni nilikaa ndani nikisubiri kilio. Nilisema, sasa watajua. Watakuja hapa mmoja mmoja kuniuliza, Mzee Opoka, tufanyeje, na mimi nitawaambia nitaandika barua. Saa moja ikapita. Badala ya kilio nikasikia kicheko. Nikachungulia. Wametoa viti na mikeka nje. Oyugi ameleta ubao wa drafti, anacheza na mtu wa nyumba ya tisa ambaye kwa miaka mitatu Oyugi hakujua jina lake. Na Filda amekaa katikati anaendelea kuwasimulia ile tamthilia kutoka kichwani mwake, anawaua anaowataka, anawaoza anaowataka, na watu wazima wameshika mashavu wanamsikiliza. Alal mke wangu akabeba kigoda chake akaenda. Aliporudi alikuwa bado anacheka. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Hutaelewa, hukuwepo." Nyumba yangu iko hatua ishirini kutoka pale!

Siku tano sasa hakuna aliyebisha mlango wangu. Kabla ya hapo kila jioni kulikuwa na mtu, kama si wa kuomba ni wa kunitukana. Fundi wako alipokata waya alikata na matusi yangu. Sikujua kwamba yalikuwa yanapita njia ile ile.

Hali hiyo haiwezi kuachwa. Watu wakizoea kukaa bila kuongozwa hawarudi.

6. Hapa ndipo nataka uvae miwani kama unayo.

Alum alizaliwa nikiwa na miaka arobaini na mbili, mtoto wa mwisho, mrefu kama mlingoti wenu. Alipokuwa na miaka tisa nilimgongomelea rimu ya baiskeli kwenye ukuta wa choo cha ua ili afunge mpira. Kuta za choo hazikupenda, na waliomo ndani ya choo hawakupenda. Nyumba zote zilimpigia kelele. Filda alikuwa anasema, "Huyu msichana atakula mpira?" Oyugi alipokuja kukaa, jambo la kwanza alilofanya ni kuniuliza mtoto huyo analala saa ngapi. Mwenye nyumba aliing'oa ile rimu mara mbili na mimi nikairudisha mara tatu. Wote hao kumi na moja, kila mmoja kwa siku yake, walimwambia acha.

Jumamosi anafunga kwa niaba ya nchi. Amenipigia simu kutoka huko kusini waliko, akasema, "Baba, mtaniona?" Nikamwambia nani asiyekuona, ua mzima watakuona, nimeshawapa amri. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi mkakata.

Usiniambie niende baa. Nimezunguka baa nne kutoka hapa mpaka Kabalagala, nikaomba Jumamosi saa kumi waweke netiboli. Wa kwanza alicheka, wa pili akaniuliza netiboli ni nini, wa tatu akasema ni siku ya mpira wa wanaume, mzee, labda upate kiti utazame ukuta. Wa nne nilimtukana mimi kabla hajajibu.

Na hata wangekubali, si hicho ninachotaka. Mimi nataka aonekane katika nyumba kumi na moja kwa dakika ile ile, kwa waya wangu, na mimi nikiwa nimesimama uani nasikia kutoka kila dirisha jina lake linatajwa. Wala sihitaji kuwa ndani natazama. Nataka kusikiliza tu. Mimi ni mtu wa redio.

7. Kwa hiyo naomba, na neno naomba nimeliandika ili barua iwe na adabu tu. Mfungue kadi yangu kabla ya Jumamosi. Barnabé arudi aunganishe mahali pale kumi na moja alipokata, na waya wenyewe aurudishe kwenye misumari yangu, si ya kwake. Mniandike kwenye vitabu vyenu kama Kituo cha Kisugu, kinachopokea kutoka Nakawa na kusambaza kwa idhini. Nipewe dishi moja kati ya yale saba. Si lile kubwa, nina ua mdogo. Na yule msichana wa mapokezi afundishwe kusimama mtu mzima anapoingia.

Mkikubali hayo nitarudia kupiga simu kila jioni kama zamani, bure. Mkikataa, nitaandika moja kwa moja kwa mwenye setilaiti nimwambie kwamba hapa chini kuna watu wa madishi saba wanaokamua picha zake. Aamue yeye nani mwizi.

Kwangu waya ni kama mto, Bwana Meneja. Mto ukishapita shambani kwangu, jirani wa chini naye atateka. Hakuna mtu mwenye haki ya kusimama na panga katikati akasema maji haya yaishie hapa. Hakuna, hakuna, hakuna. Nimeandika mara tatu ili usiseme hukuona.

Nisalimie wote walio Nakawa wanaofanya kazi, na wale wasiofanya uwasalimie pia, ndio wengi. Msalimie Barnabé, mwambie koti alilosahau kwenye ngazi liko kwangu na panya hawajaligusa. Msalimie mkeo kama ameweza kukaa na wewe. Alal anakusalimu, hajui kwamba anakusalimu.

Ni mimi niliyepokea kila ulichotuma,

Sajini Mstaafu Opoka Celestino
Kituo cha Kisugu

N.B. Leo ni Alhamisi. Barua hii haijaondoka kwa sababu nilikuwa natafuta bahasha yenye ukubwa unaolingana nayo, na katika siku hizi mbili mambo yametokea.

Filda amenunua dikoda. Ya kwenu, ya HD, mpya, ingali na nailoni yake. Jana Barnabé huyo huyo alikuja akaifunga, akanywa na soda. Alipoondoka tu, Filda alitoka na mkasi wake wa kushonea, akachukua waya wangu uliokatwa, akaunganisha mahali pote kumi na moja kwa mkono wake, akazipelekea nyumba zote kutoka kwake. Kisanduku amenunua Owino, kizuri kuliko changu. Alipofika mlangoni kwangu akauliza kama na mimi nataka. Nilikuwa bado natafuta jibu la kumkomesha, Alal akasema ndiyo, ingiza.

Kwa hiyo tangu jana natazama anachotazama Filda. Rimoti iko ndani ya mfuko wa aproni yake. Jana saa moja kamili habari zimeanza, yeye akageuza. Nilitoka nje nikapiga kelele na watu wakacheka sana, Oyugi akaniambia, "Tulia, mzee, watatuambia matokeo mwishoni." Halafu akaja akaketi kwangu mpaka saa tatu, na mtu wa nyumba ya tisa naye.

Leo asubuhi nikaenda nyumba ya saba kuomba habari ya Jumamosi. Filda hakuinua macho kwenye cherehani. Akasema, "Omba vizuri, afande, na useme kwa sauti, sindano ina kelele." Nikaomba. Niliomba kwa sauti ambayo ua wote ulisikia, neno tafadhali lilikuwemo, mara mbili. Akasimamisha cherehani. Akasema, "Na mimi nilimpigia kelele yule mtoto. Jumamosi saa kumi, netiboli, mpaka mwisho. Nitakayemsikia anataka chaneli nyingine nitamkatia waya."

Bwana Meneja, yote niliyoandika kuanzia namba 1 mpaka namba 7 usiyasome. Mwanamke huyu anapokea na kusambaza signali bila idhini, nyumba kumi na mbili na yangu ikiwemo, na hajasomea. Hana hata cheti. Huo ni wizi wa mchana, na mimi kama polisi mstaafu siwezi kunyamaza. Tuma Barnabé na ngazi ndefu aukate waya wote, asibakize hata futi moja.

Aje Jumapili, baada ya misa ya pili. Akionekana getini kabla ya hapo, ngazi ile nitaivunja mimi mwenyewe.